Wasomaji Wanauliza: Muvi Imekuchosha, au Televisheni Ndiyo Imeiharibu?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu walioangalia filamu nyumbani, wakabaki na dukuduku. Wengine hawakuipenda filamu na hawajui kwa nini, wengine wameipenda lakini kuna kitu kiliwasumbua macho au masikio. Ushauri wetu kwa wote ni mmoja: usiipe filamu alama kabla ya kuhakikisha kwamba picha na sauti iliyokufikia ndiyo ile waliyoitengeneza wenyewe. Mara nyingi lawama anayobebeshwa mwongozaji ni ya rimoti.

Televisheni mpya imeifanya muvi ionekane tamthilia

*Salaam wahariri. Tumenunua televisheni ya inchi 55. Wiki iliyopita tuliangalia filamu ya vita niliyoipenda sana zamani. Safari hii imeonekana kama mchezo uliorekodiwa studio: watu wanateleza badala ya kutembea, bunduki zinaonekana za plastiki, damu inaonekana rangi. Mke wangu anasema ni kwa sababu picha imekuwa safi zaidi. Je, filamu za zamani hazifai kwenye televisheni mpya? – Msomaji, Morogoro*

Zinafaa kabisa. Kilichotokea ni kwamba televisheni yenu imeongeza picha ambazo hazikupigwa na kamera. Tangu filamu zianze kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema hupigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Kioo cha televisheni hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na zile za bei kubwa mara 120. Ili kuujaza mwanya huo, kompyuta ndogo iliyomo ndani huchukua fremu mbili halisi, ikabuni nyingine za kuwekwa katikati yake. Mwendo unakuwa laini kupita kiasi. Macho yetu yamezoea kuona ulaini wa namna hiyo kwenye mechi, taarifa ya habari na tamthilia za studio, ambazo hupigwa kwa picha 50 au 60 kwa sekunde. Ndiyo maana filamu ya vita inaanza kuonekana maigizo.

Kuzima ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye mipangilio ya picha, kisha sehemu ya ziada au ya kitaalamu. Kwenye LG tafuta 'TruMotion', kwenye Sony 'Motionflow', kwenye Samsung 'Auto Motion Plus' au 'Picture Clarity'. Aina nyingine huwa na neno 'Motion' mahali fulani kwenye orodha hiyo. Zima. Kama televisheni yako ina 'Filmmaker Mode', ichague hiyo tu. Ilitangazwa mwaka 2019 kwa makubaliano ya watengenezaji televisheni na waongozaji wa filamu, na huzima nyongeza zote hizi kwa mpigo.

Watu wengi hukwama hapa: televisheni huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Ukizima ukiwa kwenye HDMI 1, king'amuzi kilichopo HDMI 2 na programu za ndani zinaweza kubaki vilevile. Rudia kote unakoangalia filamu.

Baada ya kuzima utaona kamera ikizunguka taratibu picha inashtukashtuka kidogo. Hilo lina sababu yake. Ukigawa 60 kwa 24 unapata mbili na nusu, kwa hiyo fremu moja inakaa mizunguko mitatu na inayofuata miwili, zamu kwa zamu. Kwenye kioo cha 120 kila fremu hukaa mizunguko mitano sawasawa, na mshtuko unapungua. Ikikukera sana kwenye Samsung, weka 'Judder Reduction' kwenye 1 au 2, usizidishe. Kwa ajili ya mpira unaweza kuuwasha ulaini wote tena. Mpira haudhuriki.

Nyuso zimegeuka vivuli

*Hamjambo. Nimeangalia filamu yetu ya Kiswahili ya zama za ukoloni, sehemu kubwa ni usiku na taa za kandili. Nusu ya muda sikuwa naona uso wa mtu, naona meno na macho. Nikiongeza mwangaza, picha nzima inakuwa ya kijivu kama moshi. Ni mpiga picha alikosea? – Msomaji, Mombasa*

Barua hii tunaijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo lake linaziumiza filamu zetu kuliko za wengine. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hubeba uzuri wake kwenye tofauti ndogo sana za mwanga: mng'ao kwenye shavu, wekundu chini ya jicho, mstari wa taya. Tofauti hizo ndizo televisheni ya dukani huzimeza za kwanza.

Anza na hali ya picha. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 'Vivid', 'Dynamic' au 'Standard', ambazo huisukuma rangi nyeupe kuelekea bluu ili kioo king'ae chini ya taa za duka. Bluu ikizidi, wekundu wa ngozi unakufa na mtu anakuwa na rangi ya jivu. Chagua 'Movie' au 'Cinema'. Kisha kwenye joto la rangi weka 'Warm 2', kwa LG za karibuni 'Warm 50'. Huko ndiko utakapoukaribia weupe wa Kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), ambao ndio unaotumika mahali filamu inapopakwa rangi yake ya mwisho. Siku ya kwanza utaona picha ya njano. Usiirudishe. Kaa nayo siku mbili, macho yatazoea, na ukirudi kwenye 'Vivid' utashangaa ulikuwa unaivumiliaje.

Pili, ujue unachokiongeza. Kwenye televisheni nyingi kitufe cha 'Brightness' hakiongezi taa hata kidogo. Kinanyanyua weusi, ndiyo maana ulipata moshi. Taa yenyewe huitwa 'Backlight'. Kwa Sony na Samsung za miaka ya karibuni mambo yamebadilika: 'Brightness' ndiyo taa, na weusi huitwa 'Black Level' au 'Shadow Detail'. Ongeza taa kwanza. Weusi uuguse mwisho, hatua moja moja, ukiwa umesimamisha picha kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa nguo nyeusi. Nguo ianze kuonyesha mikunjo, lakini ule mstari mweusi wa juu ya picha ubaki mweusi tii. Mstari ukianza kuwa kijivu, umevuka, rudi hatua moja.

Tatu, zima 'Dynamic Contrast' au 'Contrast Enhancer'. Kazi yake ni kuifanya giza kuwa giza zaidi kila inapohisi tukio la usiku, yaani kinyume kabisa na unachohitaji. Zima na kihisi cha mwanga na hali ya kubana umeme, ya 'Eco', maana hupunguza taa chumba kinapokuwa na giza. 'Sharpness' iteremshe hadi 0, isipokuwa Sony ambako 50 ndiyo katikati isiyogusa kitu. Ukali ukizidi huchora mstari mweupe pembezoni mwa uso na kuifanya ngozi ionekane imekwaruzwa.

Nne, kama unaangalia kwa laptopu iliyounganishwa na HDMI, kuna kosa jingine. Kompyuta hutuma weusi kuanzia namba 0, wakati televisheni huenda inasubiri weusi uanzie 16 kama ilivyo kwenye video. Kila kilichopo kati ya 0 na 16 kinaanguka shimoni, na kandili na nywele na kanzu nyeusi vinakuwa kitu kimoja. Tafuta 'HDMI Black Level' na uiweke kwenye 'Auto'. Ikishindikana, kwa Samsung 'Normal' ni ya kompyuta na 'Low' ni ya king'amuzi na deki.

Mwisho, angalia ukubwa wa faili. Muvi ya saa mbili iliyobanwa hadi MB 700 inabeba chini ya megabiti moja kwa sekunde. Diski ya Blu-ray inaweza kufika megabiti 40. Programu ya kubana huanza kuiba kwenye giza, kwa hiyo unaona vigae vya mraba vikicheza ukutani usiku. Hapo hakuna kitufe kitakachosaidia, tafuta nakala nyingine, na iwe halali. Nakala ya kibandani iliyopitia flashi kumi haimlipi mtu aliyeitengeneza filamu, na wala haikuonyeshi kazi yake.

Ukishafanya haya, zima taa ya dari, weka taa ndogo nyuma ya televisheni, uirudie filamu. Kama nyuso bado hazionekani, basi sasa una haki ya kumlaumu mpiga picha.

Muziki unasikika, watu hawasikiki

*Nimeunganisha televisheni na sabufa kwa waya wa tundu la hedifoni. Muziki na milio inatoka vizuri, lakini watu wakiongea ni kama wako pangoni, pengine sauti haipo kabisa. Nimejaribu muvi tatu tofauti, hali ni ileile. – Msomaji, Kahama*

Muvi tatu zikifanya kosa moja, kosa si la muvi. Chunguza plagi. Plagi ya hedifoni ina sehemu tatu: ncha ni upande wa kushoto, pete ya katikati ni kulia, na shina ni njia ya kurudia ya pande zote mbili. Sauti za waigizaji huwekwa sawasawa kushoto na kulia ili zionekane zinatoka katikati ya kioo. Shina likikosa kugusana, pande mbili zinaanza kutoana, na kila kilicho sawa kwa pande zote kinafutika. Muziki na mwangwi vinatofautiana kidogo kushoto na kulia, kwa hiyo vinabaki. Ndiyo ile hali ya wimbo kubaki ala bila mwimbaji.

Zima sabufa, chomoa plagi, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha isukume mpaka uhisi imebofya. Ikiwa kava ya plastiki ni nene na inazuia plagi isifike mwisho, ikate kidogo kwa wembe. Jaribu waya mwingine. Usitumie waya wa simu wenye plagi ya sehemu nne, kwa sababu sehemu moja ni ya maikrofoni na haikai mahali pake kwenye tundu la televisheni. Kama tundu lenyewe limelegea, tumia lile la 'Optical' na kigeuzi kidogo cha kwenda kwenye nyaya nyekundu na nyeupe, na kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague 'PCM'. Ukiacha 'Bitstream', vigeuzi vingi vya bei nafuu vitakaa kimya au vitatoa mikwaruzo.

Halafu litoe boksi la besi kwenye kona. Kona huongeza besi, na besi ikizidi huzifunika sauti nzito za wanaume. Nusu mita kutoka kila ukuta inatosha, na kitufe cha besi kiwe chini ya katikati wakati wa filamu.

Tunapigania rimoti

*Wakiongea tunaongeza sauti, bomu likilipuka mtoto anaamka. Tufanyeje? – Msomaji, Dodoma*

Filamu hutengenezwa kwa ukumbi wenye spika nyingi, na maongezi hupewa spika ya katikati peke yake. Televisheni yako ina spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani. Kwenye programu ya kuangalia filamu, fungua orodha ya sauti uache ile ya 5.1 (ya spika tano na boksi la besi), uchague ya kawaida ya stereo kama ipo. Kwenye televisheni washa 'Clear Voice' au jina linalofanana na hilo, pamoja na 'Auto Volume' au 'Night Mode'. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya kuchezea filamu, ina kibanaji cha sauti: bonyeza Ctrl na E, nenda 'Compressor', washa, teremsha 'Threshold' hadi karibu −20 na uongeze 'Makeup gain' hadi 8. Milipuko itashuka, minong'ono itapanda. Si sauti aliyoikusudia mtengenezaji, lakini usiku mtoto akiwa amelala ni bora kuliko kukosa nusu ya maongezi. Mvua ikipiga bati, vaeni hedifoni au mwahirishe.

Mistari myeusi juu na chini

*Fundi aliniambia mistari myeusi inatokana na muvi kupunguzwa, akaniwekea 'Zoom' ijae. Sasa naona vichwa vimekatwa. – Msomaji, Nakuru*

Rudisha haraka. Filamu nyingi za sinema zina upana wa mara 2.39 ya urefu wake, na televisheni yako ina mara 1.78. Kwenye kioo cha HD chenye mistari 1,080 ya nukta kutoka juu hadi chini, filamu hiyo inachukua mistari kama 803, na iliyobaki inagawanywa juu na chini. Hakuna kilichopunguzwa. 'Zoom' ndiyo inayopunguza: ikijaza kioo, unapoteza karibu robo ya picha, nusu yake kushoto na nusu kulia. Kwenye mazungumzo ya watu wawili waliokaa pande mbili za meza, utabaki unaitazama meza. Ukiona vichwa pia vimekatwa, ujue filamu hiyo ilikuwa na umbo jingine na 'Zoom' imekula juu na chini.

Filamu za kabla ya miaka ya 1950 zina tatizo la upande wa pili, mistari huwa kushoto na kulia. Ukizivuta zijae, kila uso unanenepa kwa theluthi moja. Weka '16:9' au 'Original', na kwa LG uwashe 'Just Scan' ili kingo zisiliwe. Kwa Samsung ni 'Fit to screen'.

Flashi ina muvi, televisheni haitaki

*Muvi nyingine zinagoma kunakiliwa kwenye flashi wakati nafasi ipo, nyingine zinacheza bila sauti. – Msomaji, Bujumbura*

Flashi yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la zaidi ya GB 4 hata flashi ikiwa ya GB 64. Hamisha vilivyomo kwanza, kisha ifomati kwa exFAT. Televisheni za zamani huenda zisiisome exFAT, hapo jaribu NTFS. Kucheza bila sauti mara nyingi ni kwa sababu sauti ya faili ni ya aina ya DTS: televisheni nyingi, zikiwemo Samsung kuanzia 2018, hazina leseni ya kuisoma. Tafuta nakala yenye sauti ya AAC au AC3. Picha ikigoma na sauti ikatoka, mara nyingi faili ni la H.265, njia mpya zaidi ya kubana picha, na televisheni yako ni ya kabla yake.

Maandishi yanakimbia

*Assalaam alaykum. Naangalia filamu za Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini. Mwanzoni yanaenda sawa, kufika katikati yanatangulia maneno, mwishoni hayashikiki tena. – Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam. Dalili uliyoitaja ndiyo ufunguo. Maandishi yakichelewa au yakitangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, ni suala la kusogeza: kwenye VLC herufi H huyachelewesha na G huyawahisha, kila mbonyezo milisekunde 50. Yakizidi kuachana kadiri muvi inavyoenda, kasi zimetofautiana. Maandishi yako yalitengenezwa kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde, na filamu yako inakwenda 23.976. Tofauti ni zaidi ya asilimia 4, ambayo kwa saa mbili ni kama dakika tano. Kusogeza hakutasaidia. Pakua maandishi yaliyoandikwa 23.976, au uyafungue kwa programu ya kuhariri maandishi kama Subtitle Edit na ubadilishe kasi kutoka 25 kwenda 23.976. Lipe faili jina lilelile la muvi, liishie na .srt, uliweke kwenye folda moja nayo.

Bando

*Saa moja ya filamu inakula kiasi gani? – Msomaji, Mbeya*

Kwa makadirio ya Netflix yenyewe: karibu GB 1 kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa HD, hadi GB 7 kwa 4K. Kwa kioo cha inchi 32 usilipie 4K. Pakua usiku kwa bando la usiku, uangalie kesho.

Kitabu kilikuwa kizuri zaidi

*Nimesoma Vuta N'Kuvute shuleni, nikaipenda. Sasa nimeona filamu yake nyumbani na nimesikitika, mengi niliyoyapenda kitabuni sikuyaona. Kuna njia ya kuiangalia nisisikitike? – Msomaji, Tanga*

Riwaya ya Adam Shafi ilitoka 1999, filamu ya Amil Shivji 2021. Zote zinamfuata Yasmin anayekimbia ndoa aliyoozwa bila ridhaa, na Denge anayepigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Mwingereza. Lakini vyombo viwili hivi havina mzigo sawa. Kwa kanuni ya watengenezaji, ukurasa mmoja wa muswada wa filamu ni dakika moja ya kioo. Filamu ya saa moja na nusu ina kurasa kama tisini, na kurasa hizo zina maneno machache. Riwaya nene lazima ipukutike.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba msimulizi wa kitabu anaruhusiwa kuingia kichwani mwa Yasmin na kukwambia anachokiogopa. Kamera haina ruhusa hiyo. Inaweza tu kukuonyesha anavyoshika upindo wa nguo, anavyosimama mlangoni, umbali alioweka kati yake na mwanamume. Kwa hiyo ukikaa unahesabu vilivyoachwa, utahesabu usiku kucha na hutaiona filamu. Angalia imechagua uti wa mgongo gani: mapenzi, siasa, au jinsi kimoja kinavyomsukuma mtu kwenye kingine. Angalia pia ni kurasa zipi zimegeuzwa kuwa picha bila neno.

Fanya hivi. Chagua tukio moja la dakika tatu unalolikumbuka kutoka kitabuni. Liangalie bila sauti kabisa, uandike nani anamtazama nani na nani anakwepa. Lirudie kwa sauti bila kutazama kioo, usikilize vyombo, nyayo, maji, kimya. Halafu fungua kitabu usome kurasa hizohizo. Utaona kwamba baadhi ya vitu ulivyodhani vimepotea vimehamia mahali pengine, na vingine vimepotea kweli. Hivyo vya pili ndivyo vya kulalamikia, na ukivilalamikia utakuwa na ushahidi.

Muvi za kutafsiriwa

*Mama yangu hapendi muvi isiyo ya DJ. Mimi naona zinaharibu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Dar es Salaam*

Mama hajakosea. Anayetafsiri muvi kwa Kiswahili, wa aina ya DJ Afro wa Kenya na wenzake wa Bongo, anafanya kazi ya masimulizi yenye ustadi wake: anawapa wahusika majina, anatabiri, anakemea, anachekesha. Ni burudani ya pamoja, na imewafungulia filamu watu ambao Kiingereza wala Kihindi hawakijui. Lakini sauti yake inakaa juu ya sauti ya mwigizaji, muziki na kimya. Kwa hiyo unaweza kusema DJ amekufurahisha, huwezi kusema mwigizaji ameigiza vibaya, maana hujamsikia. Ukitaka kuwa na maoni juu ya filamu yenyewe, iangalie mara moja peke yako kwa sauti ya asili na maandishi chini. Na mama abaki na yake.

Naandikaje maoni yangu?

*Shikamooni. Niko kidato cha nne. Tuna kundi la marafiki tunaandikiana kuhusu muvi tulizoona. Mimi huishia "nzuri sana" au "imeboa". Nisaidieni. – Msomaji, Moshi*

Marahaba, mwanetu. Weka simu mbali, ubaki na daftari na kalamu tu. Kila kitu kinapokugusa au kukuchosha, andika dakika na maneno matatu tu, usisimamishe filamu. Ikiisha, usiandike hapohapo. Lala, asubuhi chukua daftari uone ni dakika zipi bado zina uhai.

Anza na taarifa: jina, mwaka, mwongozaji, lugha, na umeiona kwa chombo gani. Hilo la mwisho wengi hulisahau, lakini aliyeona kwa simu ya inchi 6 na aliyeona kwa projekta hawajaona kitu kimoja. Kisha sema kwa sentensi mbili nani anataka nini na nini kinamzuia. Yaliyotokea baada ya dakika ishirini na tano za mwanzo usiyaseme, waachie wenzako.

Halafu toa ushahidi. Ukiandika "uigizaji mbovu", hujasema kitu. Andika hivi: "Dakika ya 41 mama anapokea simu ya msiba. Analia kabla aliyepiga hajamaliza sentensi, kama aliyeshajua ataambiwa nini." Hapo msomaji anaona kosa mwenyewe. Na ukisifia fanya vilevile. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kijiji kizima kinajipanga kumfanya msichana mgonjwa aamini ana nguvu za shujaa. Ukisema "inasikitisha" umeipunja. Sema ni tukio lipi watu wazima wanacheza mchezo wa mtoto kwa bidii, na sema uso wa mama yake unafanya nini wakati huo.

Tenganisha lawama. Maneno mabaya mdomoni mwa mwigizaji mzuri ni kosa la mwandishi. Maneno mazuri yasiyosikika ni kosa la sauti, pengine ya kwako. Tukio linalochosha linaweza kuwa limepigwa vizuri na kukatwa vibaya. Maneno 150 hadi 250 yanatosha kwa filamu moja. Sifa au lawama tatu zenye dakika zake zina uzito kuliko kumi zisizo na dakika.

Tukae wapi?

*Televisheni yetu ni inchi 43, iko juu ukutani karibu na dari, makochi yako upande wa pili wa sebule, mita nne. Tunaona filamu kubwa zinakuwa ndogo. – Msomaji, Kigoma*

Kwa filamu, zidisha urefu wa mshazari wa kioo kwa 1.6 upate umbali. Inchi 43 ni sentimita 109, kwa hiyo ni mita 1.75 hivi. Inchi 32 ni mita 1.3, inchi 55 ni mita 2.25. Ukikaa mita nne, mandhari iliyopigwa kwa ukumbi mkubwa inakuwa saizi ya kalenda. Si lazima kuhamisha makochi yote, jioni ya filamu vuteni viti viwili na mkeka mbele. Televisheni ishusheni: mtu akikaa, macho yake yawe sawa na theluthi ya chini ya kioo au juu kidogo. Kwa kochi la kawaida, macho huwa mita moja hivi kutoka sakafuni. Kioo kilicho karibu na dari kinachosha shingo, na televisheni nyingi za LCD hupoteza weusi na rangi zikitazamwa kutoka chini. Ikishindikana kuishusha, nunueni kishikio kinachoinama, mkiinamishe nyuzi kama 10 kuelekea makochi, na mhakikishe skrubu zimeingia kwenye tofali, si kwenye plasta.